Dari Iliyokuwa Ikimtazama Roswitha

Nyumba ya kwanza kuanguka katika mtaa wa Roswitha Hänsch ilianguka mchana kweupe, watu wakiwa mezani. Hakukuwa na upepo wala tetemeko. Ilikuwa namba nane, ambayo wenyewe walikwisha kuihama zamani, na sehemu yake ya nyuma ilijilaza tu uani kama mtu aliyechoka kusimama. Vumbi lilipanda juu ya mapaa, likaelea huko kitambo, halafu likashuka polepole juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya malundo ya makaa, na juu ya sufuria ya supu ya viazi ambayo Roswitha alikuwa ameiweka dirishani ipoe.

"Imekwenda," alisema mumewe, Gotthard, bila kuinuka kitini.

"Nini imekwenda?"

"Namba nane. Lete kijiko."

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mjini Görlitz, Ujerumani ya Mashariki, upande wetu wa mto Neisse. Mimi ni Sigrun. Nilikuwa kikosi kimoja na Roswitha cha wapiga lipu, na haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho, mengine alinieleza mwenyewe tukiwa juu ya jukwaa la kazi. Mikono ikishazoea mwiko, mdomo unakosa shughuli.

Alikuwa mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Akikutania unataniwa kweli. Kila asubuhi tulipanda tramu pamoja kwenda Königshufen, kule juu nje ya mji wa kale, ambako serikali ilikuwa ikisimamisha maghorofa ya zege safu kwa safu. Sisi tulisawazisha kuta za ndani, jikoni na bafuni. Tulipomaliza jengo moja, lori lilishuka mjini likapakia vitanda vya watu na kuwapandisha huko. Hakuna aliyewalaumu. Katika zile nyumba za kale choo kilikuwa katikati ya ngazi, na wakati wa baridi kiliganda. Maji yalitoka bomba moja kwa nyumba nzima. Makaa uliyapandisha kwa ndoo. Kule juu ulifungua bomba, maji ya moto yakaja yenyewe.

"Na wewe unangoja nini?" nilimwuliza.

"Muulize yule mzee wangu. Mimi ningehama jana. Ningeingia bafuni na viatu vyangu."

Mzee wake, yaani Gotthard, alikuwa dereva wa tramu. Alizaliwa ng'ambo ya pili ya mto, ambako baada ya vita kukawa Poland, na akiwa kijana wa miaka kumi na tisa alivuka daraja na mama yake, kitanda kimemlalia mgongoni. Kutoka dirisha la jikoni kwao alikuwa akiliona bomba la moshi la nyumba waliyoiacha. Ukimtajia habari ya kuhama alijibu neno moja tu siku zote: "Nimeshabeba kitanda mara moja."

Basi wakabaki namba kumi, nyumba ya mfanyabiashara fulani wa nguo aliyekufa karne nne zilizopita. Mlangoni palikuwa na viti viwili vya jiwe, kimoja kila upande, na juu yake vichwa viwili vya kuchongwa, mwanamume na mwanamke, pua zao zimelika kwa moshi wa makaa. Ukiingia ulikuta ukumbi wenye kuba la mawe, mbavu zake zikikutana juu kabisa kwenye ua moja la jiwe. Roswitha aliegesha baiskeli yake chini ya ua hilo. Wao walikaa ghorofa ya kwanza, chumba kikubwa na jiko. Juu yao vyumba vitupu, na juu ya vyumba paa.

Ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Ukuta waliokuwa wakichangia na namba nane sasa ulibaki uchi, karatasi za ukutani zenye maua za vyumba vya watu zikionekana barabarani, na stovu moja ya chuma imening'inia juu bila sakafu chini yake. Mvua ilipiga ukuta ule miaka miwili. Ufa ukajichora kutoka darini hadi nyuma ya kabati. Roswitha aliuziba kwa kiraka cha jasi, kama tunavyofanya mafundi tukitaka kujua ukuta umetulia au unatembea. Kiraka kikipasuka, ukuta unatembea.

"Kimepasuka?" nilimwuliza kazini.

"Kile cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilipasuka. Cha tatu nimekificha na picha ya mama mkwe, mzee asikione."

Lakini mzee hakuhitaji kuona. Majira yale ya baridi ukuta ulitoka jasho upande wa kitanda chake. Usiku aliugeuzia mgongo, na asubuhi shati lilikuwa limelowa. Kifua kikamkaza, akapelekwa hospitali, na akafa kabla theluji haijayeyuka. Daktari alisema mapafu. Roswitha alisema, "Ni ile nyumba."

Kwenye mazishi alikuja Ndugu Pohl wa ofisi ya nyumba, kofia mkononi, koti limefungwa vifungo vyote. Alimpa mkono wa pole, kisha akashusha sauti.

"Ndugu Hänsch, nadhani sasa hakuna tena kinachokuzuia."

"Leo ndiyo siku uliyoichagua?"

"Nasema kwa wema. Kuna chumba na jiko kule Königshufen, ghorofa ya tatu. Usikae mle peke yako. Mle si pa kukaa mtu."

Aliitikia. Watu husahau hilo wanapomfanya Roswitha shujaa: alikuwa ameshakubali kuondoka. Alifunga vyombo kwa magazeti, akatoa mapazia, akanambia nikamsaidie Jumamosi baada ya Pasaka.

Ijumaa ile, alipokuwa akikunja shuka, alisikia kitu kikimung'unya juu yake. Alidhani panya. Kisha dari ikatoa pumzi. Ndivyo alivyoniambia, "ilitoa pumzi", na pande zima la lipu, matete yake na misumari yake, likashuka sakafuni na kuvunja meza. Vumbi lilimjaa kooni. Alipoweza kufungua macho aliinua kichwa, akaona anatazamwa.

Juu ya ile lipu, mahali ambapo hakuna aliyepajua, palikuwa na mbao zilizochorwa. Makomamanga mekundu yaliyopasuka. Kasuku. Mwanamke mwenye makucha ya simba. Na katikati, uso mkubwa wa kijani wa mwanamume mwenye majani yakimtoka kinywani na puani, macho meupe, yametulia juu ya kitanda cha ndoa.

Mimi nilifika Jumamosi nikamkuta kalala chali sakafuni kwenye vumbi, koti lake mwilini.

"Umeumia?"

"Lala hapa, Sigrun. Lala uone."

Nililala kando yake. Rangi zilikuwa mbichi kana kwamba fundi amekwenda kunywa maji atarudi. Sikuupenda ule uso. Nilimwambia hivyo.

"Mimi pia siupendi," alisema. "Lakini umekuwa ukitutazama tangu tuoane. Umemtazama Gotthard akikohoa. Haujasema kitu." Akajifuta vumbi machoni. "Siwezi kuuacha na mvua hii peke yake."

Nilidhani ni huzuni ya msiba, itapita. Haikupita. Alikataa funguo za Königshufen.

Aliandika kwa watu wa mambo ya kale, akaja kijana mmoja mrefu mwembamba, Ansgar Lindner, kwa baiskeli. Alipanda ngazi, akatazama juu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alishika ubao mmoja kwa ncha ya kidole. Roswitha alimpa kahawa na kipande cha keki yenye chenga za sukari na siagi juu, naye hakuigusa.

"Mama Hänsch, ni watu wangapi wanaojua habari hii?"

"Wewe, mimi, na huyu Sigrun anayeuogopa ule uso."

"Basi ibaki hivyo." Aliufunga mlango. "Mjini, kwenye meza ya ofisi ya mipango, kuna mfano wa mji, wa karatasi nyeupe. Kanisa la Petro lipo na minara yake miwili. Uwanja wa soko la chini upo. Nimeutafuta mtaa huu nikadhani nimekosea upande. Haupo. Pana uwanja wa kuegesha magari."

"Haupo namna gani? Mimi si nipo?"

"Kwenye ule mfano haupo."

"Sasa wewe utafanya nini?"

Alitazama viatu vyake. "Nitaandika ripoti kwamba dari ipo. Wataisoma, wataiweka kwenye kabati. Ninachoweza kukushauri ni kitu kimoja tu, zuia maji. Maji ndiyo watakayoyategemea. Wanaiacha mvua ifanye kazi, halafu wanasema nyumba haifai."

Tangu siku hiyo Roswitha alikuwa na kazi mbili. Mchana Königshufen, jioni juu ya paa lake. Vigae alivichukua kwenye nyumba zilizokwisha kufa, akivibeba kwenye begi la mgongoni, na mimi nilimshikia ngazi mara nyingi kuliko nilivyopenda. Ukiwa juu pale uliona mtaa wote: mapaa yenye matumbo wazi, miti midogo imeota kwenye mifereji ya mabati, madirisha yamefungwa kwa mbao, na chini mto, na ng'ambo Poland na mbwa wake wakibweka. Njiwa walikuwa wengi sana mwanzoni. Kisha siku moja tukaona wameondoka namba kumi na mbili wote, hawakurudi, na juma lile ngazi za namba kumi na mbili ziliporomoka kwa ndani. Baada ya hapo Roswitha alikuwa akiwaangalia njiwa kila akirudi kazini, hata kabla ya kufungua mlango.

Ndugu Pohl alimkuta siku moja na begi la vigae.

"Hivyo ni mali ya umma, Ndugu Hänsch."

"Na mimi ni nani? Si umma?"

"Unajua ninavyomaanisha."

"Basi andika kwamba umma umechukua vigae vyake kujifunika mvua."

Hakucheka. Pohl hakuwa mtu mbaya, lakini miezi ile uso wake ulikuwa unakonda kila tukimwona, na sasa alikuwa akizungumza huku akitazama nyuma yake.

"Mama," alisema, akiacha lile neno ndugu kwa mara ya kwanza, "sikiliza. Kutakuja watu na mashine. Ukiwasikia, usikae kubishana nao. Chukua unachokipenda utoke."

Walikuja mwaka wa themanini na tisa, majani ya miti yakianza kupukutika. Walianza juu ya mtaa, nyumba tupu ya kwanza. Sauti yake ilikuwa kama jino linalotobolewa, ila mgonjwa ni ukuta. Waliingia na mashine, wakatoboa matundu kwenye kuta nene za chini, usawa wa goti, tundu baada ya tundu, marefu kama mkono wa mtu mzima, kisha wakahamia nyumba ya pili. Kila mtu alijua matundu ni ya nini. Hakuna aliyelitamka neno baruti. Kwenye foleni ya mkate watu walisema "ile kazi ya kule chini", wakabadilisha mazungumzo.

Mkuu wa watoboaji alikuwa Volkmar Jentsch, mtu tuliyekula naye pamoja miaka mingi kule Königshufen, mcheshi, shingo fupi, mkono wake mmoja una vidole vitatu.

"Volkmar!" Roswitha alimwita kutoka dirishani. "Umekuja kututembelea?"

"Roswitha wee! Bado umo kwenye hilo pango? Hata popo wameshapata nyumba za serikali!"

"Unatoboa nini?"

Kicheko kikamkauka. "Natoboa ninapoambiwa."

"Na kwangu umeambiwa lini?"

Alizima mashine. Alifanya hivyo, nakumbuka, kana kwamba mashine isisikie. "Kwako mwisho. Wakimaliza kukutoa. Toka, dada yangu. Mimi nina watoto, siwezi kukataa kazi. Lakini sitaki kutoboa na wewe unapika juu."

Kesho yake, alfajiri kabla ya zamu, Roswitha aliingia nyumba ya kwanza na ndoo ya chokaa na mchanga, akapiga magoti, akaziba matundu yote. Aliziba kama tunavyoziba, akisindilia kwa ubao mpaka ndani, halafu akasawazisha juu kwa mwiko na kupaka vumbi la makaa lisionekane jipya. Siku iliyofuata nyumba ya pili. Hakunieleza, nilijua kwa sababu alikuwa akija kazini magoti yamelowa na chokaa kwenye kucha.

"Unafanya nini wewe mwanamke?"

"Kazi yangu," alisema. "Mimi si mpiga lipu?"

Kesho yake nilimsaidia kubeba mchanga. Sikuwa na ujasiri, nilikuwa na hofu ya kumwacha aingie mle peke yake. Ndani ya nyumba zile hewa ilikuwa nzito, ina harufu ya uyoga. Ulisikia maji yakitembea ndani ya kuta. Mahali pengine dari za juu zilikuwa zimebonyea kama godoro lenye mtu, na Roswitha alipita chini yake akiweka mkono ukutani, kama mtu anayempita ng'ombe mkali huku akimpapasa.

Volkmar aligundua. Wala hakupiga kelele. Alikuja mpaka mlangoni, akakaa kwenye kimoja cha vile viti vya jiwe.

"Umesindilia vizuri," alisema. "Nimevunja ncha mbili za mashine."

"Nikununulie nyingine?"

"Usinitanie. Mimi nimenyamaza. Lakini si mimi peke yangu ninayehesabu matundu."

Juma lile gari la kijivu lilianza kusimama ng'ambo ya barabara, wanaume wawili ndani, wakila mikate kwenye karatasi. Hawakujificha. Roswitha akitoka walimtazama, akirudi walimtazama. Kisha akaitwa kwa watu wa usalama. Mlango wa ofisi yao haukuwa na jina. Pohl alikuwepo, amekaa pembeni, mikono mapajani, na nyuma ya meza palikuwa na mtu mwingine ambaye hakujitambulisha, mpole, nywele zimechanwa vizuri.

"Kahawa, Ndugu Hänsch?"

"Nimekunywa."

"Keki basi? Ile ya Jumapili kwa rafiki yako Sigrun ilikuwa nzuri, nasikia. Ya zile mbegu ndogo nyeusi za mpopi."

Roswitha alinieleza kwamba ni hapo tu alipokaa kitini. Tulikuwa wawili tu Jumapili ile. Mapazia yalikuwa yamefungwa.

"Unapenda michoro?" yule mtu aliendelea. "Unalala chini ya mchoro, wanasema. Jambo zuri. Lakini mchoro huo ni wa tajiri aliyewanyonya wafumaji, au siyo? Na wewe ni mfanyakazi. Sasa mfanyakazi anaharibu kazi ya mfanyakazi mwenzake, Ndugu Jentsch, mwenye watoto. Tutaliitaje jambo hilo?"

"Liite unavyotaka."

"Tutaliita uchovu. Safari hii. Jumatatu ya mwisho ya Novemba watu wataingia kwako kutoboa. Ukiwemo ndani, utatolewa. Ukitolewa, hatuwezi kukuahidi ile nyumba ya ghorofa ya tatu, wala nyingine yoyote." Alitabasamu. "Umeshafiwa na mume. Usijitafutie makubwa."

Pohl alimfungulia mlango, macho yake sakafuni.

Tangu siku hiyo mimi na Roswitha tuliacha kuongea juu ya jukwaa. Hatukukubaliana, tuliacha tu. Tulipiga lipu kimya, kila mmoja akisikiliza mwiko wa mwenzake. Mimi nyumbani niliketi nikitazama kuta zangu, soketi, taa, saa, nikijiuliza ni kipi kati ya hivyo kina masikio.

Nchi nzima ilikuwa inachemka vuli ile. Watu walijaa kanisani kwa Petro na mishumaa, wakatoka barabarani. Wengine walikimbilia Magharibi kupitia Hungaria. Kisha jioni moja ya Novemba redio ikasema mpaka umefunguliwa kule Berlin, na watu wakalia, wakacheka, wakachukua magari yao wakaondoka. Jumatatu ya mwisho ya mwezi ilifika. Roswitha alikuwa amejifungia ndani, kabati limesukumwa mlangoni, akiwa amevaa koti la mazishi kwa sababu ndilo lililokuwa na joto. Alingoja asubuhi nzima. Hakuja mtu. Gari la kijivu halikuja. Mchana alishuka akaenda namba kumi na nne, walipokuwa wameishia, akakuta mashine ya Volkmar imesimama ukutani yenyewe, ncha ingali ndani ya tundu, na hakuna mwenyewe. Volkmar alikuwa ameshafika Bavaria na watoto wake wote.

Nilikwenda kwake na chupa ya divai ya bei rahisi. Nilitaka tucheze.

"Tumeshinda, Roswitha!"

Alimimina, akanywa kidogo. "Nani ameziambia kuta?" alisema.

Nilidhani ananitania. Lakini watu wote walikuwa wameondoka: wenye baruti, wenye vigae, wenye mabomba. Ofisi ya nyumba ilikuwa imefungwa. Lindner alikuwa kwenye mikutano mchana kutwa. Hakuna aliyekuwa akiwaza mifereji. Na mvua ya majira yale ilikuwa mvua ya kunyesha bila kelele, siku nzima, juu ya barafu.

Januari, siku ya Alhamisi, saa za alasiri, Roswitha alirudi na kapu la viazi. Njiwa hawakuwepo. Alisimama barabarani akatazama juu kwa muda. Mwuza maziwa alimwona. Badala ya kugeuka, aliingia. Alisema baadaye alitaka kutoa picha ya Gotthard tu. Alikuwa bado ukumbini, mkono kwenye baiskeli, kilichobaki cha namba nane kilipoachia. Ule ukuta wa pamoja ulijikunja kuelekea kwake, na kila kitu kilichokuwa juu kikashuka.

Kuba la jiwe lilimwokoa. Mbavu zile zilibeba ghorofa nzima juu yake na hazikuachana. Boriti moja tu iliyopita mlangoni ilimvunja nyonga. Alikaa kwenye giza lile mpaka wazima moto na majirani walipomfikia, nami nikiwemo, nikichimba kwa mikono. Tulimsikia kabla ya kumwona. Hakuwa akipiga mayowe. Alikuwa akisema, "Polepole. Polepole upande wa kushoto. Bado inashuka."

"Roswitha! Uko mzima?"

"Nyamaza, Sigrun. Nazisikia mbao."

Alikuwa amezisikia zikianguka moja moja juu ya kuba, muda wote ule, na alikuwa akizihesabu. Nusu ya dari ilishuka. Lindner alikuja akikimbia bila koti, na kwa siku mbili alikusanya vipande vilivyochorwa kutoka kwenye matope, akivipakia kwenye mkokoteni wa mkate. Makomamanga mengine yalipatikana. Kasuku alipatikana, hana kichwa. Ule uso wa majani haukuonekana kabisa, hata kibanzi chake. Lindner alichuja kifusi chote.

Roswitha alilala hospitali mpaka majira ya joto. Hakurudi mtaani kukaa. Alipewa chumba na jiko ghorofa ya chini kabisa, kwa ajili ya mguu. Akapata fimbo, akapata pensheni, akaanza kuja kwangu Jumapili, na tukajifunza upya kuongea. Lakini alikuwa na tabia mpya. Akikaa mahali, aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara moja, akasikiliza, ndipo akavua koti. Nyumba nyingine hakukaa kabisa. "Twende tu nje," alikuwa akisema, na mwenye nyumba asijue amekosa nini.

Miaka ikapita, pesa zikaja kutoka Magharibi, mji ukavikwa majukwaa ya mafundi kila kona. Namba kumi ilinunuliwa na daktari wa Stuttgart. Ilipokuwa tayari walimwandikia Roswitha aje kwenye ufunguzi kama mgeni wa heshima, na mimi nilimpeleka. Vile vichwa viwili mlangoni vilikuwa na pua mpya. Ghorofani palijaa watu, glasi mikononi, shingo zimepinda. Nusu ya dari ilikuwa inang'aa, nyekundu na kijani. Nusu nyingine walikuwa wameweka mbao tupu, safi, zisizo na kitu.

"Huyu ndiye mama aliyeilinda!" Lindner, ambaye sasa alikuwa na kitambi na mvi, alimtangaza. Watu walipiga makofi. Wakazidi kusogea kumshika mkono, wengine wakipanda kutoka chini, chumba kikawa hakina nafasi.

Roswitha hakutazama zile rangi. Alitazama mbao tupu, pale juu ya mahali kitanda chao kilipokuwa, kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kushusha sauti. Kisha alitazama miguu ya watu. Akaegemea ukutani, akagonga kwa kifundo, akasikiliza.

"Sigrun," alininong'oneza, "nipe koti langu."

"Bado hawajakata keki."

"Nipe koti. Watu wamekuwa wengi mno humu."

Nilimpa. Tulishuka ngazi polepole kwa ajili ya nyonga yake, mkono wake ukinibana kiwiko mpaka ukaniuma, juu yetu sakafu ikilia kwa viatu na vicheko. Tulipofika barabarani hakusimama kupumzika kama alivyokuwa akifanya siku zote. Alitembea haraka kadiri fimbo ilivyomruhusu, mpaka kona, na huko alinigeukia, uso wake hauna damu, akaniambia ukuta unatembea, nirudi nikamwambie Lindner awatoe watu wale nje.